Presha imeshuka, lakini je, figo zi hali gani?

BWANA mmoja mwenye umri wa miaka 46, fundi wa kushona viti vya magari hapa Nairobi, alikuwa mgonjwa wangu kwa muda wa miaka sita. Kila alipofika kliniki nilimpima presha, nikamwandikia dawa, tukaulizana habari za watoto, naye akaenda zake. Kuna miezi ambayo hakuja kabisa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa uaminifu kwamba alikuwa mzima. Angeachaje kazi na kutoa nauli pamoja na pesa za daktari, ilhali haumwi popote?

Siku moja alikuja akilalamika kwamba usiku anaamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, na kwamba ikifika jioni viatu humbana. Nilichovya kijiti cha kupimia katika mkojo wake, na ile sehemu ya protini, ambayo kwa mtu mzima hubaki manjano, ikageuka kijani iliyokolea. Majibu ya damu yalipokuja siku iliyofuata nilipiga hesabu nikapata 22, katika kipimo ambacho kijana mwenye afya hupata 90 au zaidi. Kwa lugha rahisi, figo zake zilikuwa zimebakiwa na kiasi cha robo ya nguvu zake.

Naandika haya bila kujificha, msomaji, kwa sababu kosa halikuwa lake peke yake. Kwa miaka sita nilimpima mkono nikasahau mkojo. Nimeongea na madaktari wenzangu wengi wa kliniki za mitaani, nao wanakiri kwamba mambo haya hutokea. Foleni ni ndefu, mgonjwa ana haraka, mashine inasomeka vizuri siku hiyo, basi dawa inaandikwa upya. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya figo za mtu mwenye presha, ili wewe mwenyewe uwe na la kumuuliza daktari wako endapo naye atasahau.

Presha huharibuje figo?

Figo ni mbili, kila moja ina ukubwa kama wa ngumi ya mwenyewe, nazo zimekaa nyuma ya tumbo karibu na mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba ya damu. Moyo unapopiga, karibu sehemu moja ya tano ya damu inayotoka hapo huelekea kwenye figo. Katika siku moja vichujio hivyo huchuja maji yapatayo lita 180, yaani mitungi tisa ile ya lita 20 inayouzwa na wachuuzi wa maji. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini, ikabaki lita moja na nusu hivi ya mkojo, iliyobeba taka na chumvi iliyozidi.

Mtu anayeishi katika nyumba ya zamani mjini anajua kwamba maji ya bomba yakija kwa nguvu nyingi usiku, viungo vya mabomba huanza kuvuja. Hivyo ndivyo ilivyo katika figo. Damu inayokwenda kwa nguvu kupita kiasi, mwaka baada ya mwaka, huifanya mishipa myembamba iwe minene na migumu, na njia yake kuwa finyu. Kichujio kikikosa damu hugeuka kovu, na kovu hilo halirudi kuwa kichujio. Vile vilivyobaki hulazimika kufanya kazi ya wenzao waliokufa, navyo huchoka na kuanza kupitisha protini ambayo ingepaswa kubaki katika damu.

Jambo linalofanya ugonjwa huu uwe mgumu ni kwamba figo zenyewe ndizo zinazosimamia presha. Huamua chumvi na maji kiasi gani yabaki mwilini, na hutoa kemikali iitwayo renini ambayo mwishowe huibana mishipa. Figo zikiumia, chumvi hubaki, renini huzidi, na presha hupanda. Presha ikipanda, figo huumia zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anapofika na yote mawili, mara nyingi hata daktari bingwa hawezi kusema kwa yakini lipi lilitangulia. Kisukari nacho kikiingia hapo, mambo huenda mbio zaidi, maana hicho nacho hushambulia vichujio vile vile.

Uhusiano huu si habari mpya. Katika karne ya 19, daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's huko London alikuwa akiweka mkojo wa wagonjwa waliovimba miguu katika kijiko na kuuchemsha juu ya mshumaa. Mkojo ukiganda kama ute wa yai alijua una protini, na wagonjwa hao walipofariki aliwakuta wana figo zilizosinyaa na mioyo iliyotanuka. Hakuwa na mashine ya kupimia presha, ilhali sisi tunayo na kijiti cha mkojo tunacho.

Nyanza hadi Nairobi

Wako wanaosema kwamba presha ni ugonjwa wa kurithi tu katika damu ya Mwafrika, na kwamba hakuna la kufanya. Historia ya nchi yetu wenyewe inapinga maneno hayo. Mwaka 1929 daktari aliyeitwa C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi South Kavirondo, yaani sehemu za Kisii na kando ya Ziwa Victoria, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya wenyeji wapatao 1,000. Aliona kwamba presha yao haikupanda na umri kama ilivyokuwa kwa Wazungu, na katika hospitali yake hakumkuta mgonjwa wa presha ya juu.

Miaka 60 baadaye, mwaka 1990, jarida la British Medical Journal lilitoa utafiti wa daktari N. R. Poulter na wenzake, ambao waliwafuata Waluo waliohama vijijini Nyanza kuja kuishi Nairobi. Presha za wahamiaji hao zilianza kupanda ndani ya miezi michache tu ya kufika mjini. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi, na potasiamu, ile madini ipatikanayo kwa wingi katika mboga, maharagwe na matunda, ilikuwa imepungua. Watu ni wale wale na damu ni ile ile. Kilichobadilika ni sufuria na maisha.

Leo hali si ya mji peke yake. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

“Figo zinaniuma, daktari”

Hakuna wiki inayopita bila mtu kuingia chumbani kwangu akiwa ameshika kiuno na kusema kwamba figo zinamuuma. Mara tisa katika kumi ni misuli au uti wa mgongo, kwa sababu ya kuinua mizigo, kukaa katika matatu masaa mawili kila siku, au godoro lililobonyea. Figo zinazoharibiwa na presha haziumi. Huenda kichujio kimoja baada ya kingine bila mwenyewe kujua, mpaka zaidi ya nusu vimekwisha.

Balaa ni lile linalofuata. Mtu huyo, akiamini ana ugonjwa wa figo, huenda kwenye duka la dawa akanunua diklofenaki au ibuprofeni na kuimeza wiki nzima, wengine miezi. Dawa za jamii hiyo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo, hufanya mwili uzuie chumvi, na hupandisha presha. Mtu anayezimeza pamoja na dawa za presha za jamii ya enalaprili au losatani na zile za kukojoza, anazipiga figo zake kutoka pande tatu kwa wakati mmoja. Akishikwa na kuhara siku hizo, mwili ukakauka, figo zinaweza kukwama ndani ya siku chache. Fundi wangu alikuwa na maumivu ya mgongo kwa sababu ya kuinama kwenye viti vya magari, na alikuwa akimeza Brufen karibu kila jioni. Sikuwa nimemuuliza, naye hakuona kwamba ni dawa ya kutajwa kwa daktari.

Ukiwa na presha na mwili unauma, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa ndiyo salama zaidi kwa figo. Maumivu yasipokwisha, tafuta chanzo chake badala ya kuongeza vidonge.

Kuhusu dawa za mitishamba sitaki kuzilaani zote, maana sizijui zote. Lakini ujue kwamba dawa kuwa ya majani hakuifanyi isiwe sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, wanawake waliokuwa wakitafuta kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina, na wengi wao wakapoteza figo kabisa. Mmea uliosababisha hayo ni wa jamii ya aristolokia. Hapa kwetu chupa nyingi zinazouzwa kando ya barabara hazina hata jina la kilichomo. Mtu ambaye figo zake tayari ni dhaifu hana nafasi ya kujaribu.

Dalili ambazo mtu huziona mwenyewe, kama vile kuvimba miguu na uso, kuamka usiku kukojoa, kuwashwa mwili mzima, kichefuchefu cha asubuhi, kuhema akipanda ngazi, aghalabu huja ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Mkojo wenye povu linalokataa kuisha unaweza kutangulia, nao usiupuuze. Lakini ukingoja dalili umechelewa.

Vipimo viwili

Basi mtu afanyeje? Mwenye presha, au kisukari, au mwenye mzazi aliyeugua figo, anahitaji vipimo viwili angalau mara moja kwa mwaka, navyo hufanywa katika maabara nyingi za kawaida.

Cha kwanza ni mkojo. Kijiti kinaonyesha protini ikiwa nyingi. Kilicho bora zaidi ni kulinganisha albumini na kreatinini katika mkojo huo, kwa sababu huona protini ikiwa bado kidogo sana. Chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida. Kati ya 30 na 300 figo zinalalamika. Zaidi ya 300 ni hatari. Kipimo kikitoka kibaya hurudiwa, kwa sababu homa, mazoezi makali au maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kukipandisha kwa muda. Hatusemi mtu ana ugonjwa sugu wa figo mpaka kasoro idumu miezi mitatu.

Cha pili ni kreatinini katika damu, na hapa naomba uwe makini, kwa kuwa ndipo wengi wanapodanganyika. Kreatinini ni taka inayotokana na misuli. Karatasi ya maabara huandika namba na kando yake huweka kiwango cha kawaida, na mgonjwa akiona namba yake imo ndani ya kiwango hurudi nyumbani akishangilia. Lakini kijana wa miaka 25 mwenye kreatinini ya maikromoli 100 kwa lita ana uwezo wa figo wa 92 hivi, ambao ni mzuri. Mama wa miaka 70 mwenye namba hiyo hiyo ya 100 ana 52 hivi, ambao ni ugonjwa iwapo utadumu. Tofauti ni umri, jinsia na misuli. Kwa hiyo usikubali kupewa kreatinini pekee. Omba ihesabiwe kuwa kasi ya uchujaji. Kanuni inayotumiwa siku hizi ni ya mwaka 2021, ambayo iliondoa ile nyongeza iliyokuwa ikiwekwa kwa watu weusi na kuwafanya waonekane wana figo nzuri kuliko hali halisi.

Namba hiyo ikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu, una ugonjwa wa figo. Chini ya 30 umo katika hatua ya kumhitaji bingwa pasipo kusita. Chini ya 15 figo zimekaribia kushindwa.

Presha yenyewe ipimwe ipasavyo. Nimeona watu wakipimwa wakiwa wamesimama kwenye duka la dawa, koti halijavuliwa, wakizungumza kwenye simu. Keti dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usinene neno. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi kliniki, katika siku mbalimbali, ni presha ya juu. Kwa mwenye figo dhaifu au protini katika mkojo, tunataka iwe chini ya 130 kwa 80, na mabingwa wengine hulenga chini zaidi kama mgonjwa anavumilia.

Vidonge na mteremko

Nikimwambia mtu kwamba atameza vidonge maisha yake yote, huniangalia kana kwamba nimemhukumu kifungo. Huwaambia madereva hivi: ukiteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, breki zimekusaidia kushuka polepole, je, utasema gari sasa limepona, utoe mguu? Dawa ya presha huzuia, haiponyi. Presha ikiwa nzuri ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi.

Wengi huniuliza kwa nini jirani anapewa dawa tofauti na yao. Sababu zipo. Kwa Mwafrika asiye na tatizo la figo, amlodipini au dawa ya kukojoza mara nyingi hushusha presha vizuri kuliko enalaprili ikitumiwa peke yake. Lakini protini ikionekana katika mkojo mambo hubadilika. Hapo tunataka dawa ya jamii ya enalaprili au ya losatani iwemo, kwa sababu hupunguza msukumo ndani ya kichujio chenyewe. Enalaprili inaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha. Usinunue dawa ya kifua, mwambie daktari akubadilishie. Mwanamke mwenye mimba au anayetazamia mimba asitumie yoyote katika hizo mbili, kwani humdhuru mtoto tumboni. Na kamwe zisitumiwe zote mbili pamoja. Nimekutana na wagonjwa wanaokwenda kliniki mbili, huku wakipewa enalaprili na kule losatani, wakizimeza zote kwa utiifu mkubwa.

Baada ya kuanza dawa hizi damu hupimwa tena katika muda wa wiki mbili hadi nne, kuangalia kreatinini na potasiamu. Kreatinini ikipanda kidogo, isizidi asilimia 30, hatuogopi. Ikizidi hapo tunatafuta sababu.

Katika miaka ya karibuni imekuja pia jamii nyingine ya dawa, zilizoanza kama dawa za kisukari, kama dapagliflozini na empagliflozini. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2020 na miaka iliyofuata ulionyesha kwamba huchelewesha kufa kwa figo hata kwa watu wasio na kisukari. Bei yake bado inawashinda wengi. Lakini uliza, maana kuchelewa kwa mashine mwaka mmoja tu kunalipa gharama hizo.

Chumvi isiyoonekana

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Msomaji atasema yeye haongezi chumvi mezani. Vema, lakini chumvi nyingi ya mjini haimwagwi mezani. Imo katika mkate, soseji, smoki za kando ya barabara, krisps, chipsi, na vile viungo vya pakiti vinavyotiwa katika kila mchuzi. Magadi yanayolainisha maharagwe na githeri yana sodiamu pia, hata kama hayana ladha ya chumvi.

Kwa wale waliozoea munyu, ile chumvi ya majivu inayopikiwa mboga huko magharibi mwa Kenya, kuna jambo la kufahamu. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima huitoa bila shida. Mwenye figo zilizobaki robo anaweza kushindwa, na potasiamu ikizidi katika damu inaweza kusimamisha moyo ghafla. Hali ni hiyo hiyo kwa zile chumvi za dukani zinazosifiwa kuwa hazina sodiamu. Zimewekwa potasiamu badala yake. Kwa hiyo ushauri wa kula ndizi na mboga kwa wingi ni mzuri kwa mwenye presha tu, lakini aliye na figo dhaifu angoje kwanza majibu ya damu yake.

Kwa bingwa wa figo

Watu huogopa kliniki ya figo wakidhani ni mlango wa mashine. Kazi kubwa ya daktari bingwa wa figo ni kukuweka mbali na mashine. Anapaswa kukuona ikiwa kasi ya uchujaji iko chini ya 30 au inashuka haraka, ikiwa protini ni nyingi au mkojo una damu isiyo na maelezo, ikiwa presha inakataa kushuka licha ya dawa tatu ikiwamo ya kukojoza, au ikiwa presha ya juu imekupata ungali kijana.

Atakupima presha mikono yote miwili, ukiwa umeketi na umesimama. Atataka picha ya ultrasaundi ili aone ukubwa wa figo, kwani figo ya mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 9 hadi 12, na zilizosinyaa husimulia kwamba ugonjwa ni wa siku nyingi. Kwa wanaume wenye umri mkubwa picha hiyo pia huonyesha kama tezi imeziba njia ya mkojo, jambo linaloweza kurekebishwa. Utapimwa wingi wa damu, kwa sababu figo hutengeneza homoni inayouamuru mwili kuunda damu. Utapimwa madini ya mifupa, homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi. Mara chache hutolewa kipande kidogo cha figo kwa sindano ili kichunguzwe.

Ikiwa figo zinaelekea kushindwa, faida ya kufika mapema huonekana hapo. Mashine inahitaji mshipa wenye nguvu, unaotengenezwa kwa upasuaji mdogo mkononi, nao huchukua wiki sita hadi miezi mitatu kukomaa. Ukiambiwa mkono fulani utatumiwa, usiruhusu mtu yeyote atoe damu hapo wala kuweka dripu. Anayechelewa hufikishwa hospitalini usiku akiwa amejaa maji mapafuni, akawekewa mpira shingoni kwa dharura, nao huambukizwa kwa urahisi. Mapema pia ndipo familia inapopata wakati wa kupima nani anaweza kumtolea ndugu figo.

Kabla ya mwaka 2015 mashine za kusafisha damu katika hospitali za umma zilikuwa chache sana, na wagonjwa walisafiri hadi hospitali za rufaa kama Kenyatta au ile ya Eldoret. Mpango wa serikali ulioanza mwaka huo ulizipeleka katika hospitali nyingi za kaunti. Kwingi ulimwenguni mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Hapa kwetu, enzi za NHIF, bima ililipia mara mbili. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi yake, hakikisha umejisajili na michango haijakatika kabla hujaugua, na uulize hospitali yako hasa ni kiasi gani kinacholipiwa.

Fundi wangu sasa ana mwaka wa tatu tangu siku ile ya kijiti. Ameacha Brufen, anameza dawa nne, na presha yake huchezea 128 kwa 78. Kipimo chake kimeshuka kutoka 22 hadi 17. Hajaunganishwa na mashine, ingawa mshipa wa mkono wake wa kushoto umekwisha kutengenezwa, na dada yake amekubali kupimwa. Mwanawe mkubwa nimempima mkojo, naye ni safi.

Ukipewa barua ya kwenda kwa bingwa, chukua majibu yako yote ya zamani hata yaliyofifia, maana kreatinini ya miaka mitatu iliyopita ina thamani kuliko maneno mengi. Tia dawa zote unazomeza katika mfuko mmoja, zikiwamo za mgongo na za majani. Na asubuhi hiyo meza dawa zako za presha kama kawaida. Wengi huziacha siku ya kliniki wakidhani daktari anataka kuona presha halisi, kisha wanaongezewa dawa ambayo hawakuihitaji.